Bahasha Niliyoifunga kwa Majivuno

Bado naona aibu kupita mbele ya ofisi ya walimu hapa shuleni Keza. Ninafundisha hisabati, na mwezi uliopita niliomba mwenyewe kuchapa mtihani wa majaribio wa kata nzima. Kazi hiyo miaka yote aliifanya Madamu Stefania, mwalimu wetu mkongwe.

Mbele ya wenzetu nilisema milinganyo yake inakaa upande upande, na siku hizi watu wanatumia LaTeX: unaandika amri, kompyuta inakupangia ukurasa safi.

"Lateksi?" akauliza Madamu.

"Lateki!" nikamkatiza mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi. "Herufi ya mwisho ni ya Kigiriki." Nikamwaga na historia: profesa mmoja alichukizwa na kitabu chake kilivyochapwa vibaya, akatunga lugha yake, na hii ikazaliwa humo.

Nikapeleka flashi stesheneri, nikatoa nakala, nikafunga bahasha kwa gundi bila kukagua. Nani amkague mtaalamu?

Bahasha za mtihani hufunguliwa mbele ya wanafunzi. Siku hiyo Madamu aliikata, akagawa karatasi, nami nimesimama kando. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Madamu, maswali yako wapi?"

Nilikuwa nimechapa faili la amri zenyewe, si kurasa zilizopangwa na kompyuta. Kurasa nne za mabano na vistari vya mshazari, hakuna mlinganyo hata mmoja unaosomeka.

Madamu hakunigombeza. Alichukua chaki, akasimama ubaoni.

"Basi tusomee, Mwalimu, niandike. Wewe ndiye unayejua kutamka."