Kibuyu Kilifika Kimejaa

Katika korti ya trafiki, jibu linalosikika zaidi ni "ni kweli." Karani anasoma shtaka kwa Kiingereza, analigeuza kwa Kiswahili, na mtu aliyesimama kizimbani anasema ni kweli kabla karani hajafika mwisho. Asubuhi moja ya miaka ya tisini, mjini Embu, niliwasikia wanaume wakikubali taa mbovu, breki mbovu, abiria wa ziada na tairi zilizoisha, wote kwa sauti ya mwanafunzi anayeitika jina lake darasani. Walitaka kulipa faini na kurudi kazini. Zamu yangu ilipofika nilisema si kweli, na watu wa benchi la nyuma wakaguna, maana nilikuwa nimewachelewesha.

Hakimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake akaniuliza kama nimeelewa shtaka. Nikasema nimeelewa. Lilisema kwamba niliendesha pikapu ya shule kwa kasi ya kilomita mia moja na kumi kwa saa, nikiwa nimepita tu soko la Karurumo, nikielekea upande wa Meru. Karurumo ilikuwa kweli, Meru ilikuwa kweli, na pikapu ilikuwa ile ile. Ila kasi haikuwa yangu. Nikapewa tarehe ya kusikizwa, nikatoka nje, nikasimama juani bila kuwaza chochote.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa miezi ile. Watu waliniuliza habari, nikajibu nzuri. Nilikula nilichowekewa.

Siku ile ya shtaka, mimi na mama tulikuwa tunaenda kwa baba. Ndugu yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, Meru, na kifua cha baba kilipozidi alikuja kwetu Kianjokoma akamchukua, akamlaza hospitali ya huko ili aweze kumwona kila jioni. Mimi nilibaki na mama. Nilikuwa dereva wa shule ya sekondari ya jirani. Nilibeba mahindi, maharagwe, kuni, na mwanafunzi aliyeugua. Siku hiyo simu ilipigwa ofisini kwa mwalimu mkuu nikaitwa mbio. Ndugu yangu hakunisalimu.

"Mzee amekataa chakula cha hapa," alisema. "Anataka uji wa mama. Mlete, na mje haraka."

Mwalimu mkuu alinipa pikapu bila maswali. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa na uji tayari, maana kwetu haukuwahi kukosekana. Ni ule tunaouita ucuru, wa wimbi na mtama, unaoachwa uchachuke mpaka uwe mkali. Aliumimina katika kibuyu cha baba mpaka shingoni, akaweka majani mdomoni, akapanda mbele akakipakata. Kibuyu cha ucuru hakizibwi kabisa. Uji unaendelea kuumuka humo ndani, na ukiuziba unakipasua. Kwa hiyo anayekibeba anakishika wima mwendo wote na kuomba barabara iwe nzuri.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa mama, na kwa wanawake wa rika lake, chakula cha mgonjwa hakimwagiki njiani. Kikimwagika safari imekwisha, mnarudi jikoni mkapike kingine, kwa sababu kile wameshakionja wengine, na hao wengine si wa kualikwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Mama ni mtu wa kanisa, wa kitambaa cha kichwa na mikutano ya Alhamisi, na mchungaji alishasema mambo haya ni ya giza. Mengi aliyaacha. Hili hakuliacha.

Barabara ya kwenda Meru yote ni kona. Inateremka hadi mtoni, inapanda, inateremka tena. Katika kila kona mama alisema, "Polepole." Mwanzoni niliitikia. Tulipopita Runyenjes nilikuwa nimeanza kukasirika, na mimi nikikasirika shingo inakuwa ngumu na sitazami mtu.

"Mama, amesema haraka."

"Nimesikia."

"Sasa tutafika lini hivi?"

"Tutafika. Ukiumwaga tunarudi."

Nikaendelea kwa gia ya tatu. Punda wa maji angetupita. Baada ya Karurumo, pikapu nyingine nyeupe kama yetu ilitokea nyuma ikipiga honi, ikatupita karibu ichukue kioo changu cha pembeni. Ilikuwa ya miraa, inarudi tupu kuchukua mzigo mwingine, na magari ya miraa barabara ile nzima huyajua kwa mbio zake. Ikakata kona mbele yetu ikatoweka. Na sisi tulipokata kona ile ile tulimkuta askari amesimama katikati ya barabara, mkono juu, na mwenzake ameshika mashine ya kupimia spidi.

"Dereva, laiseni. Unakimbia hivi ukienda wapi?"

Nilimwambia si mimi, ni ile iliyopita. Akasema mashine haidanganyi. Mama alimsalimu kupitia dirishani, akamwita mwanangu, akamwambia tuna mgonjwa. Askari alimwitikia kwa heshima, na akaendelea kuandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona pikapu nyeupe, na pikapu nyeupe ilikuwa mbele yake. Alinipa karatasi akasema nitajieleza kortini.

Ndugu yangu tulimkuta kwenye mlango wa wadi. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko niliona koti la baba na viatu vyake, vimefungwa pamoja kwa kamba zake. Hakuhitaji kusema. Alisema tu kwamba haukuwa umepita muda mrefu, na kwamba mzee alikuwa akiuliza kama tumefika.

Mama alisimama pale na kibuyu. Muuguzi alitaka kumpokea, akakataa. Mimi nilitazama majani ya mdomoni. Yalikuwa makavu. Sikulia wala kusema pole. Nilifikiri tu kwamba uji haukumwagika hata tone, na nikaendelea kulifikiri hilo mpaka mtu akaniambia niketi.

"Mlikuwa mnaswaga ng'ombe?" ndugu yangu akaniuliza. "Tangu asubuhi?"

Nikatoa karatasi ya askari mfukoni, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Aliisoma. Aliisoma tena. Kisha uso wake ukalegea, akanishika bega, akalia. Mama aliona. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini alielewa ndugu yangu amesoma nini.

Siku ya mazishi ndugu yangu alipewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya watoto. Aliwaambia watu kwamba mdogo wake alikimbiza gari kumfikia baba hadi akakamatwa na polisi, na kwamba Mungu peke yake ndiye aliyekuwa na mbio zaidi. Watu waliitikia kwa kichwa. Wazee walinijia baadaye mmoja mmoja wakanishika mkono. Niliwaacha wanishike. Hadithi ilikuwa nzuri na iliwatosha, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwanyang'anya. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama miguu yake.

Ningeiacha hivyo. Ningeenda Embu, niseme ni kweli kama wengine, nilipe, nirudi. Lakini mwalimu mkuu aliniita ofisini akafunga mlango.

"Bodi imeuliza," alisema. "Dereva aliyehukumiwa kwa spidi hawezi kubeba watoto wa watu. Kama hukukimbia, nenda ukaseme hukukimbia. Kama ulikimbia, nami ninakuelewa kabisa, lakini itabidi nitafute mwingine."

Basi ilikuwa hivyo. Nikisema ni kweli, ninapoteza kazi. Nikisema si kweli na korti iniamini, nitakuwa mtoto aliyekwenda kwa mwendo wa konokono wakati baba yake akimuulizia, na ndugu yangu atalijua hilo. Nilimwambia ndugu yangu kwa simu kwamba nitakana.

"Kwa nini ukane kitu ulichofanya? Sema ni kweli, faini nitalipa mimi. Na hiyo kazi iache, uje dukani."

Sikutaka kupima misumari Makutano mpaka nizeeke. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali zaidi ya haya, nikakata simu. Sikuelewa wakati ule kwamba faini hiyo yeye aliitaka kuliko mimi. Ndiye aliyempeleka baba mbali na nyumbani. Alihitaji kuwe na mtu aliyekuwa akikimbia.

Siku ya kesi alikuja kutoka Meru, akakaa benchi la nyuma na koti lake zuri. Mama alikuja nami kama shahidi. Nilikuwa nimemwambia aseme tu kwamba hatukukimbia, basi.

Askari alitoa ushahidi wake vizuri. Alisema mashine ilionyesha kasi ile na gari lilikuwa pikapu nyeupe. Hakimu aliniambia nina haki ya kumwuliza swali. Nikamgeukia askari.

"Hukuona pikapu nyingine mbele yangu?"

Alifikiri. "Yalipita magari mengi. Huenda ilikuwepo," alisema. "Sikumbuki."

Kisha mama akapanda kizimbani. Aliapa, akakataa kuketi. Alizungumza Kiembu, na karani akawa anageuza. Niliuliza kama tulikuwa tunakimbia, akasema hapana. Nikasema sina swali lingine. Lakini kiongozi wa mashtaka, inspekta mmoja mnene aliyekuwa amechoka tangu asubuhi, alisimama.

"Mama, wewe hujui kuendesha gari. Umejuaje hamkukimbia?"

"Nilikuwa nimepakata ucuru. Kibuyu kimejaa. Kilifika kimejaa."

Hakimu aliacha kuandika. Alikuwa mtu wa kwetu, na nadhani naye alishawahi kupakata kibuyu. "Kilikuwa kimefungwa na nini?" akauliza yeye mwenyewe.

"Na majani, mheshimiwa."

Akarudi kuandika. Inspekta alikuwa bado amesimama.

"Mlikuwa mnakwenda kwa mgonjwa mahututi," alisema. "Mwanao hakutaka kumwahi baba yake?"

Nilitaka kumwambia asijibu. Mama alimtazama karani, si inspekta, kana kwamba ndiye aliyeuliza.

"Alitaka," alisema. "Alitaka kukimbia tangu nyumbani. Mimi ndiye niliyemkataza. Kila kona nilimkataza. Nilisema tukiumwaga tutarudi nyumbani. Alinitii."

Karani aligeuza maneno hayo kwa Kiingereza, kwa sauti yake ile ile aliyosomea mashtaka ya tairi zilizoisha. Nilisikia benchi la nyuma likilia mtu alipobadili kukaa. Sikugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu wadini kitu kilinisogea kifuani, na kilikuwa hasira. Nilimkasirikia inspekta, nikamkasirikia ndugu yangu na koti lake, nikamkasirikia mama kwa kunipa kazi yangu kwa bei ile. Kisha hasira nayo ikaondoka.

Hakimu alisema kuna shaka, na faida ya shaka ni yangu. Niko huru. Nikasema asante, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Nje, ndugu yangu alikuwa amesimama karibu na ua wa korti. Mama alimwendea. Nilikaa nyuma kidogo, lakini nilisikia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshawaambia watu alikimbia. Na wewe ulikuwa umeanza kupata usingizi. Ningekuambia lini?"

Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, kisha akasema ana gari la saruji linamsubiri Makutano, akaondoka. Mimi alinipa mkono. Hakuniambia pole wala hongera, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi singejua ipi kati ya hizo ilinifaa.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniachia pikapu ile ile. Nilimpandisha mama mbele, tukatoka mjini. Mvua ilikuwa imenyesha mapema na barabara ilikuwa imekauka, hakuna gari, hakuna askari. Alikaa na mikono juu ya mapaja, imefunguka kidogo, kama alivyokaa siku ile. Tulipita majani chai na vibanda vya ndizi. Nilikuwa kwenye gia ya tatu na sikujua.

Tulipokaribia njia ya kupandia Kianjokoma aliniambia, "Unaweza kukimbia sasa. Sijabeba kitu."

Nilisema ndiyo, mama. Mguu wangu ulibaki pale ulipokuwa, na katika kona iliyofuata nilipunguza mwendo.