Ajenti wa Abiria

Kibera, ukisema ajenti, kila mtu anajua unamzungumzia nani. Ni yule anayekuja kudai kodi kwa niaba ya landlodi, mwenye nyumba, anayegonga mlango kwa funguo na kuchungulia kama umeongeza mtu ndani ya nyumba. Lakini anabembelezeka. Ukimwendea mapema, umevaa vizuri, ukamweleza shida yako bila kelele, pengine atakuongezea wiki moja ya kulipa. Dada yangu mkubwa, aliyeishi huko, alikuwa bingwa wa kubembeleza maajenti, na ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Mimi nilikaa Kawangware, nikifanya kazi ya ukarani uwanja wa ndege, katika chumba cha kupanga safari. Zamani ndege ikiharibika tulipigiana simu na kugombana hadi suluhisho lipatikane. Mwishoni mwa miaka ya tisini tukaletewa programu ya majaribio. Ndani ya kompyuta mlikuwa na maajenti watatu, wa ndege, wa marubani na wa abiria, kila mmoja akitetea wake. Wakishapatana, sisi tunatekeleza tu. Wataalamu walioileta walikataza mtu yeyote kuingilia, wakitaka kuona itaamua nini yenyewe.

Nilimweleza dada haya kibandani mwake Soko la Toi, alikouza sweta za mitumba. Akaacha kukunja.

"Ati abiria wako na ajenti wao? Si wa landlodi?"

"Wao wenyewe."

Akacheka mpaka akashika kifua, maana moyo wake ulikuwa mgonjwa na hata kucheka kulimchosha. "Woi! Basi hata mimi nitakuwa na ajenti wangu."

Alikuwa anangoja kwenda India kufanyiwa upasuaji. Kanisa lake lilikuwa limemchangia tiketi, na hospitali ya huko ilikuwa imemwekea kitanda. Asipofika siku aliyopangiwa, kitanda anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Daktari alituambia wazi kwamba moyo ule hauwezi foleni nyingine.

Asubuhi ya safari yake nilikuwa zamu. Ndege kubwa ikapata hitilafu ya injini. Ikabaki ndogo, ambayo isingewatosha watu wote. Maajenti wakaanza kuongea, maneno yao yakipanda kwenye skrini mstari baada ya mstari. Wa ndege akasema hana nyingine. Wa marubani akasema saa zao za kazi zinakwisha, hakuna kungoja. Nikamkodolea macho wa abiria, nikisema moyoni, haya, tetea sasa. Akapendekeza waachwe wale wasio na ndege nyingine ya kuunganisha mbele. Dada hakuwa nayo, kwani India ndiko alikokuwa anaishia. Kwa hesabu ya mashine, kumchelewesha kulikuwa na hasara ya chumba cha hoteli na chakula, basi.

Nilitafuta mahali pa kuandika kwamba huyu ni mgonjwa, kitanda kinamngoja. Hapakuwa na mahali. Mkuu wa zamu akanituma kwa wataalamu, nao wakaniambia kwa upole kwamba suluhisho ni zuri sana, safari nyingine zote za siku hiyo zitaondoka kwa wakati. Na ilikuwa kweli. Nilitamani kuipiga ile skrini ngumi, lakini ningekuwa nimempiga nani?

Nikashuka kumwambia dada. Alikuwa amekaa karibu na mizani ya mizigo, amevaa suti yake ya kanisani. Akasimama haraka kuliko alivyoruhusiwa.

"Nipeleke kwa huyo ajenti. Usijali, brathe, hao watu mimi najua kuongea nao."

"Huyu haongeleki, dada. Si mtu. Ni kompyuta."

Akafikiri kidogo. "Lakini alinitetea? Alisema nini?"

Sikupata uwongo wa haraka. "Yeye ndiye aliyesema uachwe."

Akakaa tena polepole, akainyoosha sketi yake magotini.

"Kumbe na huyu pia," akasema, "ni wa landlodi."

Nilipiga simu India, nikabembeleza kwa niaba yake, vibaya kuliko ambavyo yeye angebembeleza. Kitanda kikapewa mwingine. Dada akarudi Toi kukunja sweta na kungoja foleni. Haikumfikia.