Watoto Hawahami, Wazazi Ndio Wanaopokezana

Ijumaa alasiri, dobi anapiga pasi shati la mwisho, macho yakiwa mlangoni. Zamu yake inaanza leo. Begi la nguo zake liko tayari chini ya meza.

"Watoto wangu hawahami," anasema akicheka. "Wakimbizi ni sisi wazazi."

Yeye na mkewe, fundi cherehani, waliachana miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni watoto wao wawili walikuwa wakipelekwa huku na kule, hadi siku binti yao, kifungua mimba, alipokaa juu ya begi lake na kugoma kuondoka.

"Akaniuliza, 'Baba, mlioachana ni nyinyi, mbona tunaohama ni sisi?' Nikalirudisha begi ndani."

Hapo wakakubaliana: watoto wabaki nyumbani, wazazi wapokezane kila wiki. Wiki isiyo yake, dobi hulala nyuma ya duka, katikati ya mashuka ya wateja. Mama watoto hujibanza kwa dada yake.

Kurudi kwenye nyumba ile si kazi rahisi. Ukuta wa jikoni bado umepakwa rangi nusu. Waliahidiana kuumalizia, mambo yakaingiliana.

"Tulikuwa tunafua pamoja uani, mimi nakamua, yeye anasuuza na kuimba nyimbo asizozijua maneno," anakumbuka. "Mpaka leo nikianika shuka, nanyoosha mkono upande wa pili, nadhani kuna mtu ameshika."

Sasa zamu hizo zinafika mwisho. Mwezi ujao mama watoto anaolewa, na nyumba hiyo ya kupanga inarudi kwa mwenye nyumba. Mama watoto alikuja mwenyewe dukani kumwambia dobi.

"Baba watoto, sikutaka uyasikie kwa watu."

"Nimeyasikia kwako, yatosha. Mungu akujalie."

Alipoondoka, dobi alipiga pasi suruali moja mara mbili bila kujua.

Kitindamimba ndiye aliyelia. "Sasa sisi tutakuwa wa wapi?"

Swali hilo lilimnyima dobi usingizi. Amepanga vyumba viwili mtaa uleule, hatua chache kutoka atakapoishi mama yao, ili watoto waende na kurudi kwa miguu yao wenyewe. Jumapili watavipaka rangi vyumba hivyo. Binti amechagua kijani, mdogo wake anadai njano, na ubishi haujaisha.

"Wapake zote mbili," anasema dobi, akitundika shati. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Wakifungua ule mlango, wasiseme wamekuja kwa baba. Waseme wamerudi nyumbani."