Kilima Nilichowaficha Wadachi

Watu wa mjini walizoea kunicheka. Walisema nimepata kazi ya kutembea, kazi ambayo hata mbuzi anaifanya bila mshahara. Kutembea kulikuwa rahisi. Kilichoninyima usingizi ni kuchagua mahali pa kwenda.

Nilikuwa mtumishi katika nyumba ya Mdachi mkubwa wa boma la Morogoro, wakati wa Wajerumani, reli ikiwa bado mpya na watu wakienda stesheni kuitazama tu. Siku za kazi nilifagia, nilipiga pasi, nilisimama mezani. Lakini nilizaliwa juu milimani, na bwana alipolijua hilo akanipa kazi ya pili. Kila Jumamosi jioni aliniita barazani, yeye na mkewe, akauliza, "Kesho twende wapi?" Walitaka njia ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Isiwe na mlima wa kumkata bibi pumzi, wala isiwe tambarare, maana bibi alikuwa amekaa Dar es Salaam kabla ya hapo na alishachoshwa na matembezi ya ufukweni. Ni mchanga na joto, alisema, na ukifika mwisho unakuta mchanga tena. Sasa alitaka ubaridi, maji yanayoporomoka, na mahali pa kukaa kula huku akitazama mbali.

Mahali kama hapo milima yetu ya Uluguru inapo pengi. Niliwapeleka kwenye maporomoko ambako maji yanamwagika juu ya jiwe jeusi na kumlowesha anayesimama karibu. Niliwapeleka kwenye mwamba mtupu ulio chini ya kilele cha Lupanga, ambako ukungu ukifunguka unaona mji wote na mabati ya boma. Wakati wa masika niliwapitisha kando ya mto, penye udongo mgumu usioteleza. Bibi alifurahi kila mara, na bwana alinisifu mbele ya wageni wake. Hawakujua kwamba njia zangu zote zilikipa kisogo kilima kimoja. Kilima hicho kilikuwa cha mama yangu.

Kwetu ardhi ni ya upande wa mama. Shamba alilolima mama alilipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na wote hao walikuwa wamelala palepale, nyuma kidogo ya migomba, chini ya mti mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata tawi. Baba yangu alipofariki, ndugu zake walikuja wakamchukua, wakamzika kwa ukoo wake. Ndivyo ilivyokuwa: mtu alizikwa kwa mama zake. Nyumba ya mama ilikaa ukingoni, na ukisimama mlangoni asubuhi uliiona nyika yote chini yako, na moshi wa treni ukija polepole kutoka upande wa pwani. Nimetembea milima ile kuliko watu wengi, nami nasema bila kutia chumvi kwamba sikupata kuona mahali pazuri kupita pale.

Na mahali pazuri palishawaponza wengine. Kabla sijapewa kazi ile, Mdachi mmoja alipendezwa na chemchemi ya jirani zetu wa bonde la pili. Alikunywa, akavua kofia, akasifu sana. Haukupita muda vigingi vikapigwa, ikasemwa kuwa msitu ni wa serikali na kulima ni marufuku, na wale watu wakashuka na kuku wao vichwani. Toka hapo, kila niliposikia Mdachi akisema "pazuri", nilitazama ni nyumba ya nani iliyo karibu.

Kwa hiyo nilidanganya. Bwana alikuwa na darubini, na jioni nyingine aliielekeza milimani akiwa amekaa barazani. "Pale je?" aliniuliza, akionyesha kilima cha mama. Nikamwambia pale pana siafu. Mara nyingine nikamwambia njia imebomoka. Mara nyingine tena, nikiwa nimeishiwa, nikasema chui ameonekana, na hilo karibu liniponze, kwa sababu bwana aliinuka palepale kutafuta bunduki yake. Ikabidi nimwambie chui mwenyewe amekwisha kuhama. Ilinibidi pia nichague vizuri kila wiki, kwani njia ikiwachosha wangeanza kujitafutia wenyewe kwa darubini ile.

Nilichosahau ni mama mwenyewe.

Kule juu, kupita mlango wa mtu bila kubisha hodi ni kumtukana. Wanawake kisimani walianza kumsema. Mwanao, walimwambia, anawapeleka wageni kwa kila mtu. Watu wa kule wamewakaribisha, watu wa huku wamewapa ndizi. Kwako tu hajafika nao. Anaionea haya nyumba yako. Nilipopanda kumsalimu, nikampa shikamoo yake, aliipokea akiwa anatazama pembeni.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nikamkumbusha watu wa chemchemi. Nikamwambia, "Mama, hawa si wageni."

"Mtu akija mlangoni, akakaa mkekani, akala chakula changu, ni nani kama si mgeni?" akasema. "Wale wa chemchemi walimpa Mdachi wao maji tu. Hata mkeka hawakumtandikia."

Nikaghadhabika, nikapaza sauti, jambo ambalo mtoto hamfanyii mama yake. Akainuka, akaenda kuchochea moto. Nilidhani amenielewa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa barazani, nimejiandaa kusema maporomoko, nikamwona anaingia kwa lango la bwana. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri na kichwani amejitwisha mkungu wa ndizi. Alikuwa ametembea toka mchana. Alipita mbele yangu, akautua mkungu miguuni pa bibi, akapiga magoti.

"Mimi ni mama yake huyu," akasema. "Nimekuja kuwakaribisha kwangu kesho. Karibuni sana."

Bwana akaniangalia. "Mama yako anakaa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alinyoosha mkono kuelekea kilimani. "Pale."

"Pale penye siafu?"

"Siafu?" mama akacheka. "Hakuna siafu. Njia ni nzuri, nimeshuka nayo leo."

Bwana naye akacheka, akanipiga bega. Alidhani nilikuwa mvivu wa kupanda. Maskini mimi, nilicheka pamoja nao, maana ningefanya nini?

Jumapili ile anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu la kuniokoa. Mama alikuwa amepanda kurudi usiku uleule, akafagia uwanja mpaka udongo unang'aa. Alitandika mikeka, akachinja kuku, akaleta magimbi, maharage, na togwa ndani ya kibuyu kikubwa. Wanawake wa kisimani wote walikuja, wakajipanga kando wakitazama, na mama alipita katikati yao akitembea kama bibi arusi. Bibi alikula, akasifu, akamshika mama mkono. Kisha akasimama ukingoni, akaitazama nyika kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba, hatua ndefu zinazolingana, midomo yake ikihesabu.

Mama akanisogelea, akaninong'oneza, "Unaona? Wamepapenda."

Sikupata tena kumwona na furaha kama ile. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, nisimwone bwana akihesabu.

Walikuja mwisho wa masika, askari na jumbe wa kijiji, pamoja na Mdachi wa misitu. Wakapiga vigingi. Ikasemwa yote iliyo juu ya vigingi ni msitu wa serikali, na mtu haruhusiwi kukaa wala kulima. Nilipanda mbio nilipopata habari. Nilimkuta mama amesimama mlangoni, askari wakitoa vyungu vyake. Hakuwa analia. Aliniona, akanishika mkono kwa nguvu.

"Wamekosea nyumba," akasema. "Kamwambie bwana wako. Mwambie hapa ndipo kwangu, pale alipokula kuku."

Nilimwambia bwana. Alinisikiliza vizuri, maana hakuwa mtu wa matusi. Akasema anajua ni kwa nani, anamshukuru sana mama yangu, na amri ni ya wote. Kisha akanieleza kwamba nyumba ya mapumziko itajengwa pale, ndogo tu, ya miti, ili watu wa boma na wageni kutoka Dar es Salaam wapate mahali pa kula mchana. Aliniambia kana kwamba ananipa zawadi.

Mama akaja kukaa nami mjini, katika chumba changu kimoja upande wa Mwembesongo. Mjini hakuwa na shamba wala kisima cha kugombania. Joto lilimtesa, na mbu walimtesa zaidi. Asubuhi alitoa mkeka wake nje, akakaa akiipa milima mgongo, na hakugeuka hata majirani walipomwita. Mimi kila Jumapili niliwapeleka wageni kule kwake. Sikuhitaji tena kuchagua. Kila mtu alitaka kwenda palepale. Jioni mama aliniuliza, "Wamekwisha kuondoka wale?" Nikawa namjibu kwamba wameondoka leo. Sikusema kwamba wengine watakuja. Naye wiki iliyofuata aliuliza tena.

Homa ilimchukua wakati wa kiangazi. Siku za mwisho hakuwa na maneno mengi, ila lile moja alilirudia: nimlaze kwa mama zake. Nikamwahidi. Alifariki asubuhi, na wanawake wa mtaani wakaja kumwosha. Wakati wanamwosha nilikwenda bomani, nikasimama mbele ya meza ya bwana, nikaomba.

Alisimama, akanipa pole, na naamini ilikuwa pole ya kweli. Kisha akatikisa kichwa.

"Watu wanakwenda kule kupumzika," akasema. "Hatuwezi kuweka kaburi."

"Makaburi yapo, bwana. Chini ya mti."

"Ya zamani hayaonekani. Jipya litaonekana." Akafikiri, kisha uso wake ukafunguka, kama mtu aliyepata njia ya kunisaidia. "Lakini wewe unaijua milima yote. Mchagulie mama yako mahali pengine pazuri."

Nilitoka. Nilisimama uwanjani kwenye jua nikajaribu kweli kuchagua. Nilipitia yote kichwani, maporomoko, mwamba, kingo za mto, na kila mahali palikuwa kwa mama wa mtu mwingine. Ningembishia hodi nani, nimwambie namletea maiti asiye wa ukoo wake? Wazee wa msikitini walikuwa wananingoja, na mwili hauwezi kungoja katika joto lile. Tukamzika bondeni, kwenye makaburi ya mji, kati ya watu ambao hata lugha yake ya nyumbani hawakuijua.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na wageni wapya kutoka pwani, na bwana alitaka wakaone. Nilibeba kikapu, nikawatangulia. Tulipofika, bibi aliwaongoza mpaka ukingoni, akawaonyesha nyika na reli na mji mdogo chini. Mimi nilisimama nyuma yao. Niliyatafuta makaburi ya mji kwa macho. Yalikuwa mbali mno, yamefichwa na vumbi. Nikashindwa kujizuia, nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya watu.

Bibi akageuka, akanitazama, na macho yake nayo yakalowa. Akamwambia mumewe kwa lugha yao, ambayo nilikwisha kuijua vya kutosha, "Tazama. Hata yeye uzuri wa hapa unamgusa."

Nikajifuta uso, nikafungua kikapu, nikaanza kuwapangia chakula.