Marando ndani ya Kitenge cha Mama Mkwe

Leo nimemkamata mwizi wa mboga nyuma ya nyumba, nikamwamkia.

Ni mama mkwe wangu.

Mwaka jana alikuja kutoka Maposeni, akaona matembele yangu yameota kwenye magunia hapa Ruhuwiko. Akamwambia mume wangu, mimi nikiwa palepale: "Gunia ni la kuwekea mahindi. Huyu mkeo analima au anacheza?"

Mkwe hajibiwi.

Basi leo kaja kutusalimia. Natoka na maji niliyooshea vyombo, maana ndiyo ninayomwagilia kiangazi hiki, namkuta ameinama kwenye magunia yangu. Anakata marando, vile vikonyo vya matembele vya kwenda kupanda, anayafutika kwenye kitenge.

Tukatazamana.

"Shikamoo mama," ndilo neno pekee lililonitoka.

"Marahaba. Ya kwangu yamekauka yote."

Nikachukua kisu, nikamkatia mzigo mzima, nikaufunga na kamba. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Hakuondoka. Anazungusha macho tu.

"Mwanangu," akasema polepole, "na gunia huna la ziada?"

Nimempa mawili.

Semeni kweli, nyie mngempa?