Baridi ya Chini

Mpishi wa wapima barabara alikuwa mama wa makamo, na kambini wote walimwita Shangazi. Ardhi ya kule mlimani ilikuwa tope tupu, kwa hiyo kila mtu alilala kwenye bembea ya turubai iliyofungwa kati ya miti miwili. Shangazi alijifunika gubigubi, lakini mgongo ulikuwa barafu.

"Baridi inakupata kwa chini, Shangazi," dereva wa kambi alimwambia asubuhi. "Blanketi ukililalia linabanwa, halishiki joto. Lifunge chini ya bembea, lining'inie."

"Na juu nijifunike nini, mwanangu? Ninalo hili moja tu."

Dereva naye alikuwa na moja tu.

Usiku ule Shangazi akalifunga lake chini. Mgongo ukapata ahueni, kifua kikaganda, hata alipovaa nguo zake zote. Alimwomba msimamizi blanketi la pili. "Tutaona," akajibiwa, na hakuna kilichoonekana. Kazi ilipokwisha, alirudi kwa binti yake na kikohozi kisichosikia dawa.

Msimu uliofuata wapima wakampigia simu arudi kupika. Binti alimsihi asiende.

"Nikikaa, tutakula nini?"

Binti akamsaidia kufunga begi.