Siku ya Mama ya Mwezi wa Tatu

Nyumba yetu pale Gitothua ilinuka majani mabichi. Si maua, majani. Watu hudhani mtoto wa mfanyakazi wa shamba la maua hulala katikati ya manukato, lakini mawaridi ya kusafirishwa ng'ambo hayanukii sana. Kinachong'ang'ania nguo ni utomvu wa majani yanayopukuchuliwa kutwa nzima. Mama aliingia na harufu hiyo, akavua gambuti mlangoni, akatundika dastikoti yake, kisha akatutangazia sikukuu za watu. "Wiki ijayo Warusi wanasherehekea wanawake. Nchi nzima haiendi kazini." Mwezi wa kumi ukifika: "Sasa ni Wapolandi. Wanajaza makaburi yao maua na mishumaa." Ovataimu ikianza tulijua kuna nchi inayojiandaa kufurahi, tukajipikia githeri wenyewe bila kununa. Ni yeye aliyetuambia kwamba Mrusi hampi mtu aliye hai maua ya idadi shufwa, kwani hayo ni ya maiti. Tangu siku hiyo nilimkataza kaka yangu kuchuma maua mawili mawili.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu, mtu mkali wa suruali zenye mkunjo, alituuliza sikukuu za nchi za nje. Wenzangu walitaja Krismasi, wakaishiwa. Mimi, ambaye hata leo sijui kunyamaza, nilisimama nikasema Waingereza huadhimisha Siku ya Mama mwezi wa tatu. "Ni mwezi wa tano," mwalimu alisema. "Dunia nzima." Nikasema si dunia nzima. "Nani amekuambia?" "Mama yangu. Ndiye anayefunga maua yao." Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka nalo. "Mama yako ndiye atanifundisha mambo ya Uingereza? Kesho uje na mzazi, la sivyo usiingie darasani kwangu." Kuitwa mwongo ningevumilia. Lakini walikuwa wanamcheka Mama, na hilo liliniuma.

Jioni nilimweleza huku nikilia. Nilijua ninachomwomba, maana ulikuwa msimu wenyewe wa maua hayo ya Waingereza, na kuacha meza yako ya kufungia msimu huo ni kujitafutia barua ya kufukuzwa. Mama alinawa mikono iliyochanwachanwa na miiba, akauliza jambo moja tu. "Ulimjibu kwa adabu?" Nikasema ndiyo. "Basi nitakuja."

Kesho yake alikuja saa saba mchana, mbio, na gambuti zake zenye matope. Nilitamani angebadilisha viatu kwanza, na aibu ile ndogo inanisuta mpaka leo. Alimsalimu mwalimu, akamuuliza, "Jumatano ya Majivu ilikuwa lini?" Mwalimu, Mkatoliki kama sisi, akamtajia. "Sasa hesabu Jumapili za Kwaresima. Ya nne ndiyo yao. Ndiyo maana haikai tarehe moja kila mwaka." Mwalimu alihesabu kwa vidole, akaandika tarehe ubaoni. Hapo Mama akatoa mfukoni stika iliyoharibika, ya kubandikwa kwenye mashada ya Uingereza, yenye salamu za heri kwa akina mama na siku yenyewe chini yake. Tarehe zililingana. Hakuna aliyecheka. "Mwalimu," Mama alisema polepole, bila jeuri yoyote, "hiyo sikukuu haianzi kama sisi hatujamaliza kufunga maua." Mwalimu alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkono, akasema, "Asante, Mama Wanjiku, leo umenifunza," kisha akatuamuru tuandike yote daftarini. Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, kichwa nimekiinua, huku Mama akikatiza uwanja wa shule mbio kurudi kazini.

Wanangu, hapa Mugutha tunakoishi sasa, hujua sikukuu ya nchi yoyote kwa kubonyeza simu, na shuleni kwao kuna siku ya kuvaa mavazi ya mataifa. Ni vizuri, nawafurahia. Ila wao hawakukua wakimwona mtu akirudi nyumbani amechanwa mikono kwa ajili ya sikukuu hizo, kama mimi nilivyomwona Mama. Mama amestaafu. Mwaka huu nilihesabu Jumapili za Kwaresima, nikapita sokoni Githurai 45 na kumnunulia mawaridi kumi na moja. Maua yasiyohesabika yamepita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumpa hata moja, mimi nikiwemo. Aliyapokea, akayalaza kwenye mkono kupima urefu kutoka kiwiko hadi kidole, akavitazama vichwa kimoja kimoja.

"Haiya! Sentimita arobaini! Hizi ni rijekti, Wanjiku, zilizokataliwa kwenda ng'ambo. Wamekuibia."

Kisha akachukua kisu, akakata mashina mshazari, akapukuchua majani ya chini hadi sebule nzima ikanuka kama Gitothua. Aliyatia kwenye jagi la maji, akaliweka katikati ya meza.

"Lakini siku," akasema, "siku umeipata."